Sagada haipigwi picha ovyo

Barabara ya kwenda Sagada inakuchosha kwanza ndipo ikufikishe. Ukitoka Baguio, mji mkubwa wa milima ya kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, Ufilipino, unapanda basi asubuhi na mapema na kukaa humo saa tano au sita, ingawa umbali wenyewe haufiki kilomita 160. Ni kona juu ya kona. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo, na humo mote mashamba ya kabichi, karoti na viazi yamelimwa kwenye miteremko ambayo hata mbuzi angeifikiria mara mbili. Barabara inaitwa Halsema, kwa jina la mhandisi Mmarekani aliyekuwa meya wa Baguio kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Pale Atok inafika mita 2,255 juu ya usawa wa bahari, na kwa miaka mingi palijulikana kuwa ndipo juu kabisa kwenye barabara kuu za Ufilipino, hadi barabara nyingine kule jimbo la Ifugao ilipopapokonya sifa hiyo. Abiria wenyeji wanalala fofofo. Mgeni ndiye anayekamata kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

Sagada yenyewe ni manispaa ndogo ya jimbo la Mountain Province. Ina kilomita za mraba 83 hivi na barangay 19, yaani vitongoji vyenye viongozi wao wa kuchaguliwa, na sensa ya 2020 ilihesabu watu waliozidi 11,000 kidogo. Iko kama mita 1,500 juu, kwa hiyo jioni unatafuta sweta. Wenyeji ni Wakankanaey, mojawapo ya makabila ya milimani ambayo kwa jumla huitwa Igorot. Wanalima mpunga kwenye matuta yenye kuta za mawe, wana kahawa, wana machungwa, wana misonobari kila unakogeuka. Ukiishia hapo umeshapata Sagada ya vipeperushi.

Mimi nilikwenda kwa sababu ya dada mmoja niliyefanya naye kazi hotelini Doha. Pale tulikuwa mchanganyiko: Wakenya, Watanzania, Waganda, Wanepali, na Wafilipino kibao. Huyu dada alikuwa Mfilipino mwenye kwao milimani, na Wafilipino wenzake wa tambarare walikuwa na utani wao juu yake. Mkia wako umeuficha wapi? Leo hamjachinja mbwa? Anacheka nao, kisha anaendelea kukunja mashuka kwa nguvu kuliko yanavyohitaji. Siku nilipomuuliza habari za kwao alinijibu, "Kaka, ukienda Ufilipino usiishie ufukweni. Panda kwetu. Ila simu yako ikae mfukoni mpaka uambiwe itoe."

Utani ule wa mbwa una historia, na historia yenyewe ina tarehe. Mwaka 1898 Marekani ilichukua Ufilipino kutoka kwa Hispania kwa dola milioni 20. Mwaka 1904 ikafanya maonyesho makubwa ya dunia mjini St. Louis, na ili wananchi wake waone walichonunua, ikapeleka huko Wafilipino zaidi ya 1,000. Igorot wakajengewa kijiji chao ndani ya uwanja. Watu walilipa kiingilio kuja kuwatazama wakicheza ngoma, wakipika, wakiwa na mavazi yao ya kiunoni. Kwao mbwa alichinjwa kwa matambiko maalumu, lakini St. Louis walipewa mbwa mara kwa mara kwa sababu watazamaji ndicho walichokuja kukiona. Maonyesho yalipokwisha, wafanyabiashara wakaendelea kuwazungusha Igorot kwenye viwanja vya starehe vya Marekani. Picha zilizopigwa wakati ule bado zinazunguka hadi leo, na ndizo zilizomfikia yule dada Doha miaka zaidi ya mia moja baadaye, kwa njia ya mzaha wa chumba cha kufulia.

Sasa, mwaka huohuo wa 1904 ndipo kasisi wa Kianglikana kutoka Marekani, John Staunton, alipofika Sagada na mkewe Eliza. Kwa hiyo wakati Igorot wanapelekwa Marekani kutazamwa, Mmarekani alikuwa anapanda mlima kuja kukaa nao. Staunton alisomea uhandisi, na injili yake ilikuja na kinu cha mbao, machimbo ya mawe na tanuri za chokaa. Wahispania walikuwa wametawala Ufilipino zaidi ya miaka 300 bila kuishika milima hii sawasawa; Staunton katika miaka ishirini hivi aliacha shule, kanisa la mawe la Mtakatifu Maria, na mji mzima wa Waanglikana katika nchi ya Wakatoliki. Mabomu ya vita yalilibomoa kanisa, likajengwa upya. Ukiingia leo saa za misa utasikia Kiingereza na Kikankanaey, na nje mashuka ya ukungu yanateremka kati ya misonobari. Nakiri kwamba habari za wamisionari huwa nazisoma kwa jicho la pembeni. Lakini hapa wazee wengi niliozungumza nao wanasema "kanisa letu" na kuchinja kuku wa matambiko, kwa pumzi moja, na hakuna anayeona haja ya kukuelezea.

Mtu ambaye ningependa kila mwandishi wa habari wa Afrika amjue ni Eduardo Masferré. Alizaliwa Sagada mwaka 1909, baba Mhispania aliyewahi kuwa askari, mama Mkankanaey. Kamera alijifunza mwenyewe, na kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1950 alipita vijiji vya Cordillera, yaani milima hii ya kaskazini, akipiga picha za watu wa kwao. Ziangalie hizo picha. Mzee mwenye chale kifuani anakutazama usoni, hajakodolewa macho. Wanawake wamebeba viazi vitamu kichwani na mmoja anacheka na mpigapicha, kwa sababu anamfahamu. Ni mavazi yaleyale ya St. Louis, ni miili ileile, lakini huku aliyeshika kamera ni mtoto wa nyumbani. Alikaa na duka lake la picha Bontoc, mji wa jirani, na dunia ya nje ilichelewa kumgundua. Alifariki 1995 akiwa tayari anaitwa baba wa upigaji picha wa Ufilipino. Sisi tunaotoka nchi ambazo Mmasai akiegemea fimbo tayari ni posta kadi tunaelewa tofauti hiyo bila mhadhara.

Wa pili ni William Henry Scott, Mmarekani aliyekuja Ufilipino miaka ya 1950, akafundisha shule ya Mtakatifu Maria Sagada, na hakuondoka tena. Kitaaluma ni mwanahistoria. Yeye ndiye aliyethibitisha mwaka 1968 kwamba ile sheria ya kale ya Kalantiaw, iliyokuwa ikifundishwa mashuleni kama fahari ya taifa kabla ya Wahispania, ilikuwa ya kughushi. Hilo peke yake lingetosha kumpa maadui. Akaongeza hoja nyingine ambayo watu wa milimani wanaishikilia mpaka leo: kwamba Igorot hawakuzaliwa "kabila la wachache". Walifanywa wachache kwa sababu wao walikataa Wahispania wakati wenzao wa tambarare wametawaliwa. Rais Ferdinand Marcos alipotangaza sheria ya kijeshi mwaka 1972, Scott alikamatwa kwa tuhuma za uchochezi na serikali ikataka kumfukuza nchini. Akashinda kesi, akarudi zake Sagada. Amezikwa hapohapo, makaburi ya Waanglikana, tangu 1993.

Nimesema makaburi, na najua msomaji aliyewahi kusikia jina la Sagada anasubiri majeneza.

Haya. Kuna majeneza yaliyotundikwa kwenye ukuta wa mwamba, juu kabisa, kwa vyuma na kamba, mengine na kiti cha mbao kando yake. Njia ya kwenda huko inapita katikati ya makaburi ya Waanglikana, inateremka kwenye bonde wanaloliita Echo Valley kwa sababu sauti inarudi. Mwongozaji wangu, kijana wa miaka ishirini na kitu mwenye gambuti za plastiki, alisimama kabla hatujafika akasema mambo matatu kwa sauti ya mtu aliyeyasema mara nyingi: hatupigi kelele, hatugusi, hatuchokonoi. Kuna watalii huja mahsusi kupiga mayowe ili wasikie mwangwi. "Pale ni makaburini," alisema. "Ninyi kwenu mnapiga mayowe makaburini?"

Majeneza mengi ni mafupi, karibu mita moja, na mgeni hudhani ni ya watoto. Ni ya wazee. Zamani maiti ilikunjwa magoti kifuani, ilale ilivyokuwa tumboni mwa mama. Kabla ya hapo mzee aliyefariki alikalishwa kwenye kiti, ndicho kile kinachotundikwa naye, akafungwa kwa henzirani asianguke, akafunikwa blanketi, na moshi ukawashwa kupunguza harufu. Watu walikuja kumuaga kwa siku kadhaa huku nguruwe na kuku wakichinjwa. Siku ya mazishi wanaume waligombea kumbeba, na majimaji ya maiti yakimdondokea mtu ilihesabiwa baraka: amepokea kidogo cha bahati na ujuzi wa marehemu. Jeneza lenyewe ni gogo la msonobari lililochongwa, na mzee mwenye nguvu alilichonga la kwake mwenyewe mapema.

Ukiuliza kwa nini juu ya mwamba, utapata majibu kadhaa, na yote nilipewa na mtu mmoja katika dakika tano. Wanyama hawafiki. Maji hayafiki na ardhi haiozeshi haraka. Enzi za vita vya vijiji, adui aliyekuja kuchukua kichwa hakuweza kukifikia. Na roho inakuwa karibu na mababu. Lakini si kila mtu alitundikwa. Kulitakiwa umri, ndoa, wajukuu, na ukoo wenye uwezo wa kugharamia nguruwe. Wengi zaidi waliwekwa mapangoni. Kwenye mdomo wa pango la Lumiang majeneza zaidi ya mia moja yamepangwa, mengine na mjusi aliyechongwa kwenye mfuniko, na mengine yamepasuka kwa uzee hadi unaona yaliyomo. Pale ndipo niliposikia mwongozaji akimkemea kwa mara ya kwanza mtu wa kundi jingine: kijana wa Manila aliyetaka kupiga selfi huku mkono umeegemea jeneza. Alimkemea kwa Kitagalogi, taratibu, na yule kijana akasogea.

Chini zaidi kuna pango la Sumaguing, na hilo ni la kufurahi. Miamba ya hapa ni mawe ya chokaa, yaani matumbawe ya bahari ya kale yaliyoinuliwa huku juu, na maji yameyachonga ndani kuwa mapazia na mabeseni. Waongozaji wanatangulia na karabai zinazovuma. Mahali fulani unaambiwa uvue viatu kwa sababu unyayo unashika jiwe vizuri kuliko soli yoyote, na kweli unashika, hata maji yakiwa ya baridi ya kukata vidole.

Sagada ya leo isingeeleweka bila miaka ya 1980, nami nilikuwa nimeisoma kidogo tu kabla ya kwenda. Jeshi la serikali na wapiganaji wa kikomunisti wa New People's Army walikuwa wanapigania milima hii, na raia wakiwa katikati. Watoto waliuawa. Mwishoni mwa muongo ule, wazee, kanisa na viongozi wa mji walikaa wakaziambia pande zote mbili maneno yaleyale: tokeni. Waliitangaza Sagada kuwa eneo la amani, marufuku kambi, marufuku silaha kuzunguka mjini. Utekelezaji ulikuwa wa kupanda na kushuka, kama unavyotarajia mtu anapomwambia mwenye bunduki aondoke. Lakini mji wa watu elfu kumi na kitu kuliambia jeshi la nchi yake na waasi wake kwamba wote ni wageni, hilo si jambo dogo, na nadhani ndipo ulipopata mazoea ya kuwaambia wengine pia.

Maana waliofuata walikuwa watalii. Hawa walianza kidogokidogo tangu miaka ya 1970, wasanii na wasomi wa Manila waliokimbia joto na Marcos, kisha vijana wa Kizungu wenye mabegi mgongoni. Mwaka 2014 ikatoka filamu ya mapenzi ya Kifilipino ambayo dada mwenye moyo uliovunjika anapanda kilele cha Kiltepan alfajiri na kupiga kelele mpaka machungu yamtoke. Nchi nzima ikataka kwenda kulia palepale. Wageni wa mwaka wakazidi wenyeji mara nyingi, magari yakajaza barabara moja iliyopo, maji yakapungua kwenye mabomba, na mbele ya machweo na mawio kukawa na ukuta wa simu zilizoinuliwa.

Wenyeji walijibu kwa masharti. Ukishuka kwenye gari unakwenda ofisi ya utalii, unaandikisha jina, unalipa ada, unapewa karatasi. Bila karatasi hiyo huendi kokote. Mapango na maporomoko huyaendei bila mwongozaji, na mwongozaji ni mwenyeji aliye kwenye chama, bei imebandikwa ukutani. Hakuna cha "rafiki yangu, nipe bei nzuri". Usiku mji unafungwa mapema. Niliyekulia pwani, nikiona mabichiboi wanavyomvuta mgeni mkono, nilisimama mbele ya lile bango la bei nikalisoma kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa jirani.

Sharti lililonipendeza zaidi ndilo lililoniharibia ratiba. Nilipanga kwenda Bomod-ok, maporomoko makubwa yaliyo kwa watu wa Fidelisan, kwa kushuka katikati ya matuta ya mpunga. Asubuhi nikaambiwa hapana, leo kule ni ubaya, neno ambalo kwa Kikankanaey ni siku ya mapumziko ya kimila. Wazee hukaa kwenye dap-ay, uwanja wa duara uliotandikwa mawe wenye viti vya mawe kuzunguka moto, wakaamua siku za begnas, tambiko la mashamba, na siku zinazofuata hakuna anayelima na mgeni haruhusiwi kupita. Kulikuwa na basi dogo la watu waliotoka Manila usiku kucha kwa ajili ya maporomoko hayo. Dereva alijaribu kuongea. Mama wa ofisini, miwani puani, hakuinua hata sauti: kesho labda, keshokutwa huenda. Kwa mbali tulisikia patu za shaba zikigongwa. Hatukuziona.

Kwa hiyo nilikula. Msomaji usiyegusa nguruwe, ruka aya hii. Etag ni nyama ya nguruwe iliyosuguliwa chumvi, ikaanikwa au kutundikwa juu ya moshi wiki kwa wiki. Mama mwenye nyumba niliyofikia alishusha kipande kutoka juu ya jiko. Nje kimekuwa cheusi na kina ukungu, harufu yake inafika kabla yake. Alikikwangua kwa kisu, akakiosha kwa maji ya moto, akakata vipande vidogo akavitia kwenye supu ya kuku bila chumvi nyingine. Ladha ni kali, ina moshi na uchachu wa mbali, na kijiko cha pili ni kitamu kuliko cha kwanza. Kuku wenyewe wa pinikpikan hupigwapigwa kwa fimbo akiwa hai ili damu ibaki kwenye nyama, kisha anababuliwa manyoya motoni. Watetezi wa wanyama wanapinga, wenyeji wanasema ni ibada. Mimi nilikaa sebuleni mpaka alipofika kwenye sufuria.

Tarehe 1 Novemba, siku ya Watakatifu Wote, Ufilipino nzima inawasha mishumaa makaburini. Sagada wanawasha saleng, vipande vya msonobari vyenye utomvu, na jioni hiyo wanaiita Panag-apoy. Padri anabariki kuni kanisani, kisha koo zinapanda kilimani na mafungu yao, kila kaburi linapata moto wake. Kwa nusu saa kilima kizima kinawaka na moshi mweusi unakutoa machozi utake usitake. Watoto wanakimbizana kuchochea, bibi wamekaa juu ya kaburi la mume wakigawana biskuti. Wageni huombwa wakae pembeni. Mpigapicha mmoja mwenye lenzi ndefu alikuwa amepiga goti karibu mno na familia moja. Babu wa pale akamkabidhi kuni mkononi, akamwonyesha kaburi lisilo na mtu, akamwambia awashe. Jamaa akaweka kamera chini ili apate mikono.

Siku ya kuondoka nilimuuliza yule mwongozaji kijana kama babu yake atatundikwa. Akacheka. Siku hizi ni wachache sana wanaotaka, alisema, na gharama ya nguruwe imepanda. Babu ameshachagua makaburi ya kanisani, pembeni ya bibi. Wajukuu wake watatu wako Kanada, mmoja Hong Kong, na anataka wakirudi Novemba wajue pa kuwasha moto, wasije wakakodi mwongozaji kumtafuta mwambani. Nikasema, basi baada ya miaka hamsini majeneza yataoza yaanguke, watalii watakuja kuona nini? Alifikiri. "Machungwa," akasema, kisha akaniomba nisaini karatasi ya ofisini kwamba amenirudisha salama.